Upande wa Sikio Zima

Chupa ya kwanza ilichukua muda mrefu kufika chini. Nilikuwa nimesimama kwenye kichumba cha taka cha ghorofa ya kumi na nne, mkono mmoja umeshikilia kimlango cha chuma cha ukutani, nikaisikia ikigonga ubavu huu na ule wa bomba, ikigonga, ikigonga, mpaka ikapasuka. Nikachukua ya pili. Zilikuwa kumi na moja: za rehani iliyokaushwa, za mnanaa, za maua ya lavenda, za maganda ya chungwa na karafuu, moja ya chumvi iliyochanganywa na majivu, na nyingine ya maji ambayo binti yangu aliyaacha dirishani siku ya mwezi mpevu na kuyaandikia tarehe kama dawa ya hospitali. Ilikuwa saa nne asubuhi, Februari, na nilikuwa bado sijavua sare ya kazi.

Ya mwisho ilikuwa ya asali.

"Asali nayo unatupa?" Noorbanu, jirani yangu, alikuwa mlangoni na mfuko wake wa taka. Noorbanu ni mzaliwa wa Kisumu, na miaka arobaini ya Scarborough, huku ughaibuni, haijamtoa Kiswahili chake. "Asali haiharibiki, dada."

"Hii imeharibika," nikasema, nikaiachia.

Sikumwambia kwamba ndani ya asali mlikuwa na kikaratasi kilichokunjwa, na kwenye kikaratasi mlikuwa na jina langu. Chelagat. Limeandikwa mara tisa, kwa mwandiko wa Melissa, mwanangu wa pekee.

Mambo yake yalianza kidogo kidogo, na kusema kweli mwanzoni yalinifaa. Mwezi ulipokuwa unapungua alifagia nyumba yote, kutoka chumbani mpaka mlangoni, ili mabaya yatoke. Mimi nilifurahi tu kwamba kuna mtu anafagia. Kisha ikaja kalenda ya mwezi, akaibandika kwenye friji kando ya kalenda ya kanisa. Ikaja mishumaa. Ikaja chumvi kizingitini, ambayo niliikanyaga kila asubuhi nikienda kazini kwenye nyumba ya wazee. Siku moja, akiwa anakausha majani juu ya kipasha joto, aliniambia kwamba yeye ni mchawi. Alilitumia lile neno la Kiingereza, kwa sauti ile ile ambayo angeniambia ameacha kula nyama.

Nilicheka. Halafu mikono yangu ikaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Kwetu kijijini, neno hilo hakuna aliyejiita mwenyewe. Uliitwa na wengine, na baada ya kuitwa kulikuwa na moto.

Jioni ile ya Februari alirudi, akasimama mbele ya rafu tupu bila kuvua koti.

"Mom, vitu vyangu viko wapi?"

"Nimetupa."

"Vyote?"

"Vyote. Jina langu linafanya nini kwenye chupa?"

Alinitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kukaa asipate. "Ni asali, Mom. Unaweka jina la mtu kwenye asali ili awe mtamu kwako. That's it. Kuna kitu nilitaka kukuambia, na nilikuwa naogopa."

"Kitu gani?"

"Doesn't matter," akasema, akaingia chumbani kwake kufungasha nguo.

Alihamia North York, kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mama yake Wayne, mpenzi wake. Wiki mbili baadaye ni Noorbanu aliyeniambia kile kitu. Mimba ya miezi mitatu. Aliniambia kwenye lifti, akidhani najua, na nilipofika chini nikasahau nilikuwa naenda wapi. Nikapanda tena.

Miezi iliyofuata sikukaa kitako. Nilichukua zamu za watu. Nilisugua friji, nikasugua nyuma ya friji. Simu alikuwa hapokei, na ujumbe nilioandika niliufuta kabla ya kuutuma, kwa sababu kila nilivyoanza, "Mwanangu, nilifanya vile kwa kuwa," nilifika hapo nikakwama. Baada ya "kwa kuwa" alikuwepo Senge, na Senge sikuwahi kumtaja mbele ya Melissa hata siku moja.

Cherotich lilikuwa jina lake. Sisi tulimwita Senge kwa kuwa alikuwa dada ya baba yangu. Aliolewa, akarudi, akajengewa nyumba ndogo ya nyasi nyuma ya zizi letu, karibu na Litein. Alijua magome na mizizi. Aliwahesabia wajawazito miezi yao kwa kutazama mwezi wa juu, na hakukosea sana kuliko sisi wenye mashine. Sikio lake la kushoto lilikufa akiwa mtoto. Ukitaka akusikie, ulizunguka ukamjia upande wa kulia. Watoto wote wa pale tulilijua hilo kabla ya kujua kusoma. Na kwa kuwa hakuisikia vizuri sauti yake mwenyewe, aliongea kwa sauti kubwa hata mambo ya siri.

Mwaka ule niliokuwa na miaka tisa, surua iliingia kijijini. Jioni moja, mwezi umeandama, nilimkuta nyuma ya nyumba na ungo wa majani, ameutazama mwezi, anataja majina ya watoto kwa ile sauti yake. Mmoja mmoja. Kaka yangu mdogo alikuwemo. Wiki ile wawili kati ya aliowataja walikufa. Kaka yangu alipona, na huyo hakuna aliyemhesabu.

Jumapili kina mama wa kanisa walikuwa jikoni kwetu wakimenya viazi na kuulizana watoto wana nini. Mimi nikasema niliyoyaona kwa Senge. Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka tu, kwa dakika moja, kuwa mtoto anayejua kitu ambacho watu wazima hawakijui.

Watu wa kijiji walikuja kwake Jumanne mchana. Walimwita atoke, hakusikia, wakadhani anakataa. Alitoka paa limeshashika moto, ungo mkononi, akatuangalia sote, kisha akashika njia ya Olenguruone na ungo wake. Baada ya miaka minne dereva wa lori la chai alituletea habari kwamba amekufa huko. Nami, miaka mingi baadaye, nikiwa darasani Eldoret najifunza uuguzi, mwalimu alipoandika ubaoni dalili za surua na jinsi inavyoua, niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilisimama kwenye mvua hadi kipindi kikaisha.

Ujumbe wa Melissa ulikuja Agosti. Nilikuwa nimeshajua kwa Noorbanu kwamba mtoto amezaliwa, wa kike, mzima. Aliandika: "Kogo aliniambia mnakuwa na kitu cha kuita majina. Nataka mtoto wangu aitwe. Njoo Jumamosi asubuhi, mwezi utakuwa mpya. Please usilete mafuta ya pastor."

Kogo, yaani nyanya yake, ni mama yangu. Kumbe walikuwa wakiongea kwa simu miezi yote hiyo.

Kitu chenyewe ni hiki. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake humzunguka na kuita majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina lililompigisha chafya ndilo lake, na huyo ndiye aliyerudi nyumbani. Melissa alipozaliwa mama yangu aliomba aitwe kwa simu, nikamjibu kwamba mimi nimeokoka, mambo hayo tumeyaacha. Nilisema hivyo. Ukweli ni kwamba nilijua kuna jina ambalo ukoo wetu unaliruka tangu mwaka ule wa moto, na sikutaka kukaa kusikiliza likirukwa.

Jumamosi nilipanda mabasi mawili. Chumba chao kilikuwa na dirisha dogo juu, karibu na dari, na chini yake, kwenye ubao, chupa. Mpya. Nilizihesabu kabla sijamwona mtoto. Melissa aliniona nikihesabu.

"Shikamoo, Mom," akasema, neno ambalo hakuwa amelitumia tangu darasa la tatu.

"Marahaba." Nilikuwa bado nimeshika mkoba wangu kwa mikono miwili.

Wayne aliiegemeza simu kwenye mto. Mama yangu alikuwa amekaa nje ya nyumba yake. Hapa North York ilikuwa saa tano na nusu asubuhi, kwake jua linazama. "Mwezi umeandama huku," alisema kwa furaha. "Mwembamba. Haya, mpeni ugoro kidogo puani."

"Mama, mtoto wa wiki tatu hapewi ugoro."

"Wewe mwenyewe ulipewa, na uko hapo unanibishia."

Tukakubaliana unyoya wa mto. Melissa alimlaza mtoto kwenye mapaja yake, akampitisha unyoya chini ya pua, taratibu. Kwa desturi huitwa watu wa upande wa baba, kwa hiyo Wayne alianza na bibi yake wa Jamaika, kwa haya, mara mbili. Mtoto alipiga miayo. Mama yangu akaingia na wetu: nyanya zake, mama mkwe wake, wake wa babu zangu. Majina kumi na tano, ishirini. Mtoto akasinzia.

"Basi," alisema mama. "Wameisha."

"Wote?" Melissa aliuliza. Uso wake ulisawijika kabisa, kama wa mtoto aliyefika mwisho wa foleni akaambiwa vimeisha. "Hakuna hata mmoja anamtaka?"

Naijua chafya kwa kazi yangu. Mtoto mchanga hupiga chafya kusafisha pua, mara kadhaa kwa siku, na angepiga baadaye kidogo hata akiitwa jina la kiatu. Ningeweza kunyamaza. Nilisimama, nikaketi, nikasimama tena.

"Yupo mmoja," nikasema. "Cherotich."

Nilidhani mtandao umekatika, ila nilimwona mama yangu, na macho yake yalikuwa yakipepesa.

"Cherotich ni nani?" aliuliza Melissa.

Nikamwambia. Mwezi, ungo, majina ya watoto, viazi, moto. Nilimwambia nikitazama chupa zake kwa sababu sikuweza kumtazama yeye. Nilimwambia kwamba niliposoma jina langu kwenye kile kikaratasi, nilikuwa na miaka tisa tena, na nilifanya kile kile.

"Alikuwa anawaombea," Melissa alisema.

"Ndiyo."

"Na hukuniambia. Ukatupa vitu vyangu na hukuniambia."

"Ndiyo."

Hakusema amenisamehe. Alipangusa uso kwa kiganja, akamwinua mtoto begani.

"Chelagat." Ilikuwa sauti ya mama yangu. Nilikuwa nimesahau kwamba anasikia. "Siku ile jikoni nilikuwa nimesimama nyuma yako. Nilikuona unafungua mdomo. Ningekushika bega tu, ungenyamaza." Nyuma yake anga la Litein lilikuwa limegeuka zambarau. "Ita tena."

"Mama?"

"Umeita kama mtu anayeiba. Yule atasikiaje? Unamjua alivyokuwa. Ita tena, kwa sauti."

Melissa alinitazama. Kisha akanyoosha mikono, akanipa mtoto. Alikuwa mwepesi, mwenye joto, na alinukia mnanaa. Nikamgeuza kichwa kidogo, nikasogeza mdomo kwenye sikio lake la kulia, nikaita.