Matembezi ya Kipupwe Jipe

Kila kipupwe kilipoingia, Danson, karani wa reli pale Voi, alivaa viatu vyake vya kamba akaenda kutembea na makarani wenzake. Mara ufuoni mwa Ziwa Jipe, mara vilimani kuitazama theluji ya Kilimanjaro. Mkewe Mable alibaki nyumbani, mtaa wa Kaloleni pale pale Voi, na pasi ya makaa. Kwa hiyo Julai ile ya 1956, Danson aliposema, "Safari hii utakuja," Mable alidhani hakusikia vizuri.

"Mimi?"

"Wewe. Utabeba kikapu. Lakini huko usiongee sana. Ni watu waliosoma, na Kiswahili chako kimejaa Kidawida."

Mable hakujali. Alipika kimanga cha mihogo na maharage, akachemsha mayai, akavaa gauni lake la kanisani. Danson akamwambia alivue, miiba ingelirarua. Avae lile la jikoni.

Waliteremka stesheni ya Taveta asubuhi. Mwenyeji wao alikuwa Obadiah, msimamizi wa stesheni aliyehamishiwa huko majuzi kutoka Mombasa. Alikuwa na mkewe Susan, mwalimu, na mdogo wa Susan, msichana mrefu aitwaye Tryphena. Lori la mkonge likawafikisha kijiji cha Mata, na kutoka hapo wakashika njia kwa miguu, upepo wa baridi ukiwapiga usoni. Mable alifuata nyuma na kikapu kichwani, akiona kila kitu ni kizuri.

Susan akapunguza mwendo ili waandamane. Alikuwa mtu wa roho nzuri.

"Dada, umemfanyia kazi Bwana Danson siku nyingi?"

Mable alicheka, akidhani ni utani wa watu wa pwani. Kisha akamtazama mumewe. Danson alikuwa karibu tu, mbele yao, na shingo yake ilikuwa imekakamaa. Alikuwa amesikia. Hakugeuka.

"Miaka sita," Mable akajibu. Hata yeye hakujua kwa nini.

"Basi ulimjua marehemu mkewe. Masikini! Kufa wakati wa kujifungua, yeye na mtoto wake."

Kikapu kilimlemea ghafla. Mtoto alikuwako kweli. Msichana, aliyezaliwa bila kulia, akazikwa kule milimani kwao, na tangu siku hiyo Mable hakushika mimba tena.

"Nilimjua," alisema.

Walipofika juu ya kilima, mawingu yalifunguka na mlima ukatokea na theluji yake yote. Wengine walipiga makofi. Siku zote Mable alipomwuliza Danson theluji inafananaje, alijibiwa, "Nyeupe." Sasa aliiona, na ilikuwa nyeupe tu. Obadiah akatoa kamera. Danson akasimama bega kwa bega na Tryphena, akamnyooshea Mable kofia ashike, bila kumtazama.

Wakateremka ziwani. Mable alipokuwa akipanga chakula kwenye mchanga, kando ya matete, Tryphena alikuja kunawa mikono. Mable akamwinamia.

"Dada, huyu mtu ana mke. Mke mwenyewe ni mimi."

Tryphena akakung'uta maji vidoleni. "Najua. Aliniambia. Ni dada yangu na shemeji tu wasiojua. Hakukuoa kanisani, Mable, na mtoto huna. Unang'ang'ania nini?"

Mable aliacha mayai pale pale, akaenda kusimama mbele ya Susan na Obadiah.

"Mimi ndiye mke wa Danson. Sijafa."

Danson akaweka kikombe chini taratibu, uso wake umejaa huzuni.

"Niwieni radhi," alisema. "Mtumishi huyu alimpenda mno marehemu. Tangu msiba ule, akili humruka akajidai ndiye mke wangu. Nimeshindwa kumfukuza."

"Danson!" Mable alipiga kelele.

"Mnaona wenyewe," Danson akasema kwa upole.

Machozi yalimlengalenga Susan. Akavua sweta yake, akamvika Mable, akamshika mkono mpaka kwenye lori, kama mtu amwongozavyo mgonjwa. Kila Mable alipofungua kinywa kueleza, mkono ule ulimkaza zaidi. "Pole, dada. Mungu anaona." Jioni, nyumbani kwa Obadiah, walimwombea mezani. Kisha wakamtandikia jikoni. Hapo Mable akaelewa kwa nini aliletwa: aonekane mtumishi, ili siku akija kudai asiaminiwe.

Kesho yake, ndani ya behewa, Mable na Danson walikuwa peke yao.

"Uliwaambia na jina la mtoto?" Mable akauliza.

"Jina gani? Hakupewa jina."

"Nilimpa mimi."

Danson akafungua gazeti.

Gari moshi liliposimama Mwatate, Mable aliinuka, akakiacha kikapu, akateremka. Kutoka hapo njia ilipanda milimani kwa mamake. Hakuwa amefika mbali aliposikia akiitwa. Danson alikuwa ametoa kichwa dirishani.

"Ufunguo wa nyumba uko wapi?"

Mable akarudi. Akaufungua kwenye pindo la leso yake, akampa. Miaka mingi baadaye, hilo ndilo aliloshindwa kujisamehe: kwamba alirudi.

Danson na Tryphena walioana Mombasa kabla ya Krismasi. Mable aliletewa habari hiyo akiwa shambani. Akaitikia, akainama, akaendelea kupalilia mahindi ya mamake.