Miaka Kumi na Moja ya Pasi

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Sidonie aliisoma mara tatu akiwa amesimama kwenye ngazi za jengo lao, kule Woluwe, Brussels, kabla hajafungua mlango, kwa sababu ndani ya nyumba ile barua zote zilikuwa za mumewe, Fernand. Ombi limekataliwa. Sababu: mwombaji mwenyewe amekiri kwamba alifanya kazi.

Mdomo uliponza kichwa, na safari hii hakukuwa na wa kumsingizia.

Jambo lenyewe lingekuwa jepesi kwa mtu asiye na majivuno. Mwaka ule wa 1997, ofisi moja ya pensheni karibu na kituo cha Schuman ilikuwa inapokea maombi ya wake wa wanajeshi. Mke aliyemfuata mumewe kwenye kambi ya nje ya nchi, na kwa ajili hiyo akakosa kazi, miaka yake ya kukaa bure ingehesabiwa kana kwamba alifanya kazi na kuchangia. Fernand alikuwa adjudant, cheo cha chini ya ofisa, katika jeshi la Ubelgiji. Walikutana Kamina, alikokuwa anafundisha askari wa Zaire, wakaoana, na mwaka 1981 jeshi likampeleka Siegen, Ujerumani, kwenye kambi ya Wabelgiji. Sidonie akafuata. Walikaa miaka kumi na moja. Ukiijumlisha miaka hiyo na mitano aliyokuwa amefagia ofisi za Wazungu wa Ulaya nzima, ingempa pensheni ndogo kwa jina lake akifika sitini, yaani mwezi wa Machi. Na pensheni kwa jina lake ilikuwa na maana moja tu, kuondoka. Maman Carine wa kanisani alikuwa na chumba juu ya duka la vitenge, Chaussée de Wavre, na alikuwa amekubali kumshikia.

Fernand hakuwahi kumpiga. Watu walimwambia Sidonie ana bahati, naye alichoka kuwaeleza. Mshahara wake wa kufagia uliingia kwenye akaunti ya Fernand. Akichelewa dakika kumi kutoka kazini, alimkuta mumewe ameketi kwenye kiti cha ukumbini, saa mkononi, haulizi kitu, anatazama tu. Simu ilipolia, Fernand ndiye aliyeipokea. Miaka nenda miaka rudi, mpaka Sidonie akawa anaomba ruhusa hata ya kufungua dirisha. Pumzi ilimwishia ndani ya nyumba yenye vyumba vitano.

Basi fomu ilikuwa imejazwa chumbani kwa Tatiana, mtoto wa dada yake, aliyekuwa anasomea uuguzi pale pale Woluwe. Tatiana alikuwa anasoma maswali, Sidonie anajibu huku akimenya ndizi.

"Tantine, hapa banauliza kama ulitumikaka kule Siegen."

Kwa watu wa Katanga, kutumika ni kufanya kazi. Na kumwuliza mwanamke wa Likasi kama alitumika miaka kumi na moja ni kumwuliza kama alikuwa mtu. Mama yake Sidonie aliuza unga sokoni mpaka wiki aliyofariki. Huko kwao mwanamke anayesema hakutumika anajitangaza mvivu, na mvivu haolewi wala hazikwi vizuri.

"Nilitumikaka sana," alisema. "Andika. Nilipigaka pasi nguo za bamaofisa, nilishonaka rideaux za madirisha ya mess, kule bamaofisa banakulaka. Andika yote."

"Yote, tantine?"

"Bon, unataka niseme uongo?"

Tatiana akaandika yote, kwa mwandiko mzuri wa shule. Wote wawili hawakujua kwamba walikuwa wanafunga mlango kwa mikono yao.

Karani wa ile ofisi, Sidonie alipomwendea na barua, alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake ndio uliomtia Sidonie hofu. Alisema njia zipo mbili. Ya kwanza, athibitishe ile kazi: nani alimwajiri, na michango ililipwa wapi. Sidonie akawakumbuka wake wa maofisa waliomlipa mkononi, mlangoni, na Fernand aliyezipokea noti zile kila Ijumaa. Karatasi haikuwahi kuandikwa hata moja.

"Na njia ya pili?"

Ya pili ni kuandika tamko jipya, kwamba maelezo ya kwanza yalitokana na kutoelewa lugha, kwamba Madame hakufanya kazi yoyote Siegen. Mume atie sahihi kuthibitisha. Lirudi kabla mwezi haujaisha, yaani kabla ya ofisi kufungwa Ijumaa ijayo, ama faili lifungwe.

Sidonie alitoka pale karibu acheke. Kumbe ni hilo tu? Kwani Fernand alikuwa na wimbo mwingine? Kwa dada zake, kwa majirani, kwenye meza ya Krismasi: Mke wangu? Ujerumani hakunyanyua hata kijiko, nilimlisha mimi. Kila aliposema hivyo Sidonie aliumia, akaendelea kugawa viazi. Sasa alihitaji tusi lile lile kwa maandishi. Aliona uchungu kwenda kuliomba, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Alisubiri Jumapili, baada ya chakula. Akaiweka karatasi ya tamko, yenye tarehe ya mwisho chini, mbele ya Fernand, na kalamu juu yake.

Fernand alivaa miwani. Alisoma polepole, mstari kwa mstari, kama alivyosoma kila kitu. Kisha akaisukuma kalamu pembeni.

"Huu ni uongo," alisema kwa Kifaransa chake cha kambini.

"Ndivyo unavyosema siku zote. Umesema mbele ya dada zako."

"Mezani ni mezani. Hapa wanataka sahihi yangu. Miaka thelathini na mbili jeshini, Sidonie, sijatia sahihi kwenye uongo."

Ndipo akaanza kuhesabu, na hilo Sidonie hakulitegemea. Mashati ya meja, sita kila wiki. Vitambaa vya meza vya mess. Mapazia ya bwalo zima, mwaka ule kamanda mpya alipokuja. Alikumbuka baridi ya mwaka themanini na tano, pasi ilipomwunguza Sidonie kifundo cha mkono na akaendelea kwa mkono wa kushoto. Alikumbuka kwamba gari lao la kwanza, Opel, lilitoka kwenye pasi ile. Alikuwa ameona yote. Muda wote ule alikuwa anaona.

Kisha akasema kwa Kiswahili, ambacho hakukitumia tangu Kamina isipokuwa kuamrisha.

"Ulitumika, Sidonie. Ulitumika sana."

Mungu amsamehe, kwa kitambo kidogo Sidonie alifurahi. Neno lile alikuwa amelingoja tangu Siegen, akikunja mashati usiku na mchana, na alikuwa amekwisha kukata tamaa kwamba litatoka kinywani mwa mtu huyu. Halafu akaitazama kalamu ilipolala, akaelewa kwamba neno lile ndilo lililofunga njia ya pili.

"Basi andika hivyo," alisema. Akairudisha kalamu mbele yake. "Andika nilitumika. Andika nani alikuwa anapokea zile pesa."

Fernand alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza.

"Hilo siwezi kuandika. Kazi ile haikuwa na karatasi. Wataniuliza mimi kodi na michango viko wapi."

"Donc nilitumika, lakini huwezi kuandika. Na kama sikutumika, vilevile huwezi kuandika."

"Ndivyo ilivyo." Hakukasirika hata kidogo. Alimtazama kwa macho yale ya kwenye kiti cha ukumbini. "Na ungeipata hiyo pensheni yako, ungekwenda kukaa wapi?"

Sidonie alianza kukusanya sahani, akaziweka tena chini.

"Mwezi unaisha Ijumaa," alisema.

"Najua," alisema Fernand. "Nimesoma."