Bakuli la Baba Mkwe

Sakafu ilikuwa imelowa tena. Yunis aliisikia kwa unyayo kabla ya kuiona, akasimama palepale gizani na mkono mdomoni. Halafu akavuta mlango wa matete, mwanga wa asubuhi ukaingia, na mambo yakawa hadharani.

Ndani ya nyumba hiyo moja, upande wa ng'ombe kulowa si habari. Kuna mfereji wake, na kila kunapokucha samadi inazolewa, panafagiliwa, panamwagwa majivu. Lakini upande wa watu Yunis aliusiriba mwenyewe kwa udongo mwekundu, akausugua kwa jiwe mpaka ukang'aa, na hapo karibu na jiko ndipo alipopanga vyungu vyake vibichi vikauke kabla ya kuchomwa. Vitatu vilikuwa vimenyonya mkojo na kulegea matako. Kile kikubwa, alichokihangaikia siku mbili, kilikuwa kimeketi upande kama mlevi.

Karani alikuwa amejibanza nyuma ya kinu, masikio yamelala. Hakuhitaji kuulizwa.

Mbwa huyu alipewa jina hilo kwa sababu ya kukaa kwake mlangoni wima, kifua mbele, akimkagua kila anayeingia utadhani ana daftari la kodi la boma. Alikuja naye Yunis kutoka Ikombe, kwenye mtumbwi mmoja, siku Yunis alipoletwa Ikolo kuwa mke wa Lutengano. Watu wa Ikolo walimpokea vizuri, lakini kupokewa ni jambo moja na kuzoewa ni jambo jingine. Miezi ile ya mwanzo, aliyesikiliza Kikisi chake cha Ikombe mpaka mwisho bila kucheka alikuwa Karani peke yake. Na kwa miaka mitatu mbwa huyo hakuwahi kudondosha hata tone ndani ya nyumba. Alingoja mlango, akatoka, akaenda zake migombani, akarudi. Sasa ilikuwa wiki ya tatu anaharibu.

Lutengano aliamka, akaviangalia vile vyungu, akapumua kwa nguvu.

"Yunis, nimevumilia."

"Najua, bwana."

"Mbwa akianza kukojoa mahali anapolala, ama ni mgonjwa, ama amezeeka, ama anaona kitu ambacho sisi hatukioni. Na yote matatu dawa yake ni moja." Hakupenda kuisema, ndiyo maana aliisema haraka. "Jumapili tukitoka kanisani nitampeleka mtoni. Usije."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Yunis alimwendea mbwa nyuma ya kinu. Alimkamata Karani akamkagua upya, ingawa alishamkagua mara tano: meno mazima, macho maangavu, tumbo laini, manyoya yanang'aa. Mgonjwa gani huyu anayenenepa? Jambo moja tu lilimshangaza, kiu yake. Mbwa alikuwa anakunywa maji kama aliyemeza kaa la moto. Alimaliza ya kwake, akaenda kwenye chombo cha ndama, akakikausha nacho.

Neli, jirani yao, alikuwa na jibu lake. Neli hakosi jibu.

"Wivu," alisema. "Tangu mzee ahamie hapa, wewe kutwa unamhangaikia mzee. Mbwa naye ana moyo."

Yunis alicheka, ingawa hakuwa na hamu ya kucheka.

Mzee ni baba yake Lutengano. Aliitwa Asajile, jina ambalo Yunis hakuwahi kulitamka hata usingizini. Masika ya mwaka huo mto ulikuwa umeibeba nyumba yake, na kwa kuwa alikuwa mjane, mwanawe akamjengea kibanda nyuma ya migomba, hatua hamsini tu kutoka kwao. Hatua hamsini hizo zilikuwa mtihani. Mke haonani na baba mkwe. Hamtazami, hamsemeshi, na akisikia kikohozi chake njiani anajitosa migombani na kujifunika shuka mpaka apite. Mchungaji wa Kijerumani alishahubiri mara mbili kwamba mambo hayo yaachwe, baba mkwe ni baba. Waumini waliitikia amina, wakatoka nje, na wanawake wakashika njia za nyuma kama kawaida.

Basi Yunis, ambaye hakuweza kumwamkia mzee wala kumuuliza hali, aliamua kumheshimu kwa chungu. Alimpikia ndizi na samaki wa mbasa mara mbili kwa siku, akapakua kwenye bakuli alilolifinyanga mahsusi kwa ajili yake, na Neli akalipeleka. Tena alitia chumvi ya dukani. Kule Mwaya mfanyabiashara mmoja alikuwa amemlipa mfuko mzima wa chumvi nyeupe kwa vyungu vyake, na mfuko huo aliufungia kwa ajili ya mzee tu. Yeye na mumewe walikula chakula cha chukuchuku.

Bakuli lilirudi safi kila siku. Halikuwa na hata mchuzi wa kulambwa kidoleni. Yunis aliona fahari, na nani angemlaumu? Wiki ya pili Neli aliponong'ona kwamba mzee anaonekana amekonda, Yunis aliongeza kipande cha samaki. Akaongeza na chumvi.

Alhamisi mchana alifanya jambo ambalo angepaswa kulifanya mapema: alimfuata mbwa. Neli alikuwa ametoka tu kupeleka bakuli. Karani aliinuka mlangoni, akajinyoosha, akashika njia ya migombani bila kuyumba, mwendo wa mtu anayekwenda kazini. Yunis akaenda nyuma yake. Alipokiona kibanda, alijifunika shuka kichwani, akageuza mgongo, akajificha nyuma ya mashina ya migomba. Kama angeonekana hapo, Ikolo nzima ingesema Wakisi hawana adabu.

Alisikia mkia ukipiga ukuta. Kisha sauti ya mzee, ya taratibu, yenye mzaha.

"Karibu, Karani. Chukua zamu yako. Mimi nimejaribu tonge moja, na midomo inawaka mpaka sasa."

Bakuli likakwaruza chini. Mbwa akaanza kula.

"Kula yote," mzee alisema. "Lifute vizuri. Nikilirudisha na chakula, watasema mkwe wangu hajui kupika. Mgeni wa watu, katoka kwao peke yake. Hapana. Sisi wawili tutamsitiri. Mimi nina ndizi yangu mbivu hapa, inatosha."

Halafu ikafuata sauti ya ulimi kwenye maji, lap, lap, lap, kwa muda mrefu sana.

Yunis alikaa chini kwenye majani makavu. Chini ya ukingo wa shuka, alipogeuza kichwa kidogo tu, aliona miguu ya mzee mlangoni, vifundo vimetokeza na ngozi imelegea juu yake. Hakuona zaidi na hakutaka kuona zaidi. Wiki tatu! Wiki tatu alijisifia bakuli safi, na aliyekuwa akilisafisha ni mbwa wake, naye mzee wa watu akilala na ndizi moja tumboni ili yeye asisemwe. Aliona aibu mpaka masikio yakamuuma. Chini ya ile aibu alisikia kitu kingine, uchungu wenye utamu ndani yake, kwa sababu hakujua kama pale Ikolo kulikuwa na mtu wa kumfikiria kiasi hicho.

Kusema naye hairuhusiwi. Kuondoka bila kusema, haiwezekani. Alikaza shuka, akaendelea kuutazama mgomba, akapaza sauti.

"Karani!"

Kibandani mbwa akaacha kunywa.

"Karani, nasema na wewe, sisemi na mtu mwingine. Kuna mwanamke mmoja mjinga. Kwao Ikombe chumvi ni ya majivu ya matete, unatia konzi nzima ndipo uisikie. Amepata chumvi ya dukani, akatia konzi ileile. Na hakuonja, maana mama yake alimfundisha kwamba chakula cha mkubwa hakionjwi." Alivuta shuka mbele zaidi. "Jioni hii chakula kitakuja bila chumvi hata punje. Chumvi itakuja pembeni, kwenye jani, mwenye kula ajitilie mwenyewe. Na kama hakipendi, akirudishe. Aibu yangu nitaibeba mwenyewe, Karani. Njaa ya mtu mwingine siwezi kuibeba."

Kisha mzee akakohoa kikohozi cha mtu anayeficha kicheko, au kinginecho.

"Karani," alisema, "mwambie juba, huyo mama yako, kwamba nimesikia. Mwambie pia kwamba lile tonge moja moja nililojaribu kila siku, samaki wake alikuwa mtamu. Chini ya chumvi yote ile kuna mpishi." Akamalizia kwa shukrani ya lugha ya kwao: "Ndaga fijo."

Yunis alirudi nyumbani akilia, na mbwa pembeni yake amejaa chakula.

Jioni alimweleza Lutengano yote. Lutengano alikuna kichwa.

"Chumvi?"

"Chumvi. Inamtia kiu, anakunywa mpaka maji ya ndama, halafu sisi tunafunga mlango tunalala. Atayapeleka wapi?"

"Tutaona Jumapili," alisema mumewe. Kamba ya kumpelekea mbwa mtoni ilikuwa imeshatundikwa karibu na mlango.

Ijumaa asubuhi sakafu ilikuwa na unyevu kidogo, wa kiganja kimoja, na Yunis hakula siku hiyo. Jumamosi ilikuwa kavu. Jumapili aliamka kabla ya jogoo, akapapasa sakafu kwa mikono yote miwili, kutoka jikoni mpaka mlangoni, na hakupata kitu. Hata hivyo kanisani hakusikia neno la mahubiri.

Waliporudi, Lutengano alipiga magoti upande wa watu, akiwa na kanzu yake ya Jumapili, akaweka kiganja chini, karibu na vyungu vipya. Alikaa hivyo muda. Kisha akasimama, akaichukua ile kamba, akaenda kumfungia ndama.

Neli akaingia na bakuli.

"Mzee amemaliza," alisema, akalitua.

Lakini kwa mara ya kwanza halikuwa tupu. Pembeni kulikuwa na vipande viwili vya ndizi na mkia wa samaki, na lile jani la chumvi likiwa limeguswa kidogo tu. Lutengano alilitazama, wasiwasi ukamwingia usoni.

"Mbona safari hii amebakiza? Hakupenda?"

Karani alikuja akasimama kati yao, akalinusa bakuli, akamtazama Yunis kwa macho ya mbwa ambaye hajala tangu asubuhi. Yunis alimmiminia ndizi na ule mkia, akaanza kuliosha bakuli polepole, ameinamisha uso mumewe asiuone.

"Ameshiba," alisema.