Mpangaji Asiyekanyaga

Mama Pasi alikuwa anainyoosha kola ya shati la karani wa posta, kwenye ile ncha inayotaka subira, mpangaji wake wa chumba cha uani alipoingia kuomba kiberiti. Sakafu ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu na bado ilikuwa mbichi. Mama Pasi akafungua mdomo amfokee, kisha akaona hakuna haja. Mpangaji alikuwa amesimama hewani, shibiri moja juu ya sakafu, viatu vyake vikining'inia, na hapakuwa na alama hata ya kisigino.

"Kiko juu ya kabati," alisema. "Na uiangalie balbu usije ukaigonga."

Mpangaji akakichukua kiberiti bila kujinyoosha, akashukuru, akatoka. Mama Pasi akaligeuza shati upande wa pili.

Mchana akamuuliza, maana mwenye nyumba ana haki ya kujua kinachoendelea nyumbani kwake. Mpangaji akaeleza bila kuficha. Jana yake redio ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia asubuhi, mgeni yeyote asiye na kibali ni marufuku kukanyaga ardhi ya nchi hii. Yeye kibali hana. Alivuka mpaka kwa njia ya porini, akiwa na brashi zake za rangi na shati la kubadilisha, na tangu hapo amekuwa fundi rangi wa watu wasiouliza maswali.

"Sasa ningefanyaje, dada? Serikali imesema tusikanyage. Nimeamka nikajikuta sikanyagi."

Mama Pasi aliona hilo ni jibu la mtu mtiifu. Wapangaji aliowahi kuwa nao hawakutii hata ombi la kufunga bomba. Kuhusu kodi, alijiuliza kidogo kama ni haki kumtoza sakafu mtu asiyeitumia, akakata shauri kwamba hewa sasa anatumia zaidi, kwa hiyo ngoma droo.

Mambo yakazoeleka upesi. Mpangaji aliweza kupanda juu kadiri alivyotaka, kwa kujivuta ukutani kwa vidole kama mjusi, lakini kushuka chini ya ile shibiri hakuweza, hata akishinikizwa mabegani. Siku za upepo Mama Pasi alimfunga kiunoni kwa kamba ya kuanikia nguo, ncha ya pili akaifunga kwenye bomba. Mtaa ukampa jina la Shibiri, na barua zilizokuja kwa jina lake halisi zikawa zinarudishwa.

Aliyeudhika ni kaka yake Mama Pasi. Huyu alikuwa seremala wa ngazi, na kitu kingine chochote hakutaka kutengeneza, ndiyo maana aliitwa Fundi Ngazi. Karakana yake ilikuwa ng'ambo ya ua, pamoja na redio yenye sauti kubwa kuliko zote mtaani. Kuhusu wageni wasio na vibali alikuwa na maoni aliyoyatoa kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Wanajaza shule. Wanapandisha kodi za vyumba. Wanafanya kazi kwa malipo ya chai, halafu wenyeji wanaambiwa ni wavivu. Siku ya tangazo alimnunulia kinyozi soda, na si mtu wa kununua soda.

Wiki ile ile Shibiri akapaka rangi ghorofa ya juu ya posta. Hakuweka ngazi wala jukwaa. Alipanda na ndoo yake, akazunguka jengo zima akipiga mluzi, na alasiri alikuwa amekwisha kunawa mikono. Wenye majengo wengine waliiona kazi hiyo. Oda za ngazi zikaanza kufutwa moja baada ya nyingine, na ngazi zilizokwisha kutengenezwa zikabaki zimeegemea ukuta wa karakana kama wachumba walioachwa.

"Mimi nilisema waondoke nchini," Fundi Ngazi alimlalamikia dada yake. "Sikusema waondoke chini."

"Ungefafanua basi, kaka," alijibu Mama Pasi, akinyunyizia suruali maji.

Fundi Ngazi akaenda kushitaki. Afisa wa uhamiaji alikuja siku iliyofuata, kijana mpole ambaye shati lake lilikuwa na kunyanzi mgongoni, jambo ambalo Mama Pasi aliliona kabla hajakiona kitambulisho. Afisa alimwomba Shibiri asimame vizuri, akainama, akapitisha faili lake chini ya soli za viatu kutoka kushoto hadi kulia, kisha akalirudisha. Halikugusa kitu.

"Hajakanyaga," alisema. "Kosa hakuna."

"Basi mpatie kibali, tulale," alisema Mama Pasi.

"Kibali ni cha mtu aliyeingia, mama. Huyu hajaingia. Yuko juu yetu tu, kama ndege."

"Basi mfukuzeni," alisema Fundi Ngazi.

"Kumfukuza mtu ni kumtoa, mzee. Nitamtoaje mtu ambaye hayumo?"

Afisa akamaliza chai, akakung'uta magoti, na alipofika mlangoni akageuka. Aliuliza kama Shibiri angeweza kupita ofisini kwao akipata nafasi. Kulikuwa na balbu ya korido iliyoungua zamani, na fedha za kununulia ngazi zilikuwa hazijaidhinishwa. Shibiri akaenda kesho yake. Fundi Ngazi alimnunia dada yake mpaka akasahau kwa nini.

Maoni ya mtaa yalikuwa yakitolewa kwenye kibanda cha kinyozi, hata na wasionyolewa. Mwalimu mstaafu alisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na akahesabu waliopona: mifereji ya mapaa imezibuliwa, mpira wa watoto umeteremshwa kutoka kwenye bati la kanisa, paka wa kinyozi ameshushwa mtini bila kukwaruzwa. Muuza nyama alisema methali haziji moja moja. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwalimu akakubali, kwa sababu methali ni methali.

Basi Shibiri akapewa jembe na kuoneshwa kiwanja nyuma ya bucha. Alilipokea kwa heshima, akaanza kulima. Lakini chochote alichokishika nacho kilikuwa hakikanyagi, na jembe likawa linaishia shibiri moja juu ya udongo. Alilima hewa mpaka adhuhuri, kwa mistari iliyonyooka, akijifuta jasho.

"Mmeona uvivu wao," alisema muuza nyama.

"Nimeona matuta safi," alisema mwalimu.

Muuza mkaa yeye alishikilia kwamba tope la mtaani linaletwa na miguu ya wageni. Alipooneshwa kwamba huyu hana hata unyayo, akasema hiyo ndiyo mbinu yao, hawaachi ushahidi.

Hata hivyo hapakuwa na mtu aliyekosa kitu cha kufanyiwa juu. Waliompenda Shibiri walimwita kwa mlango wa mbele, waliomchukia wakamwita kwa mlango wa nyuma, na pande zote mbili zilimlipa kwa ahsante, moja kwa sauti na nyingine kwa kunong'ona.

Jioni moja Mama Pasi alikuwa uani anakunja mashuka. Shibiri alikuwa ameketi hewani karibu na beseni, anaosha miguu, ingawa haikuwa na uchafu wowote.

"Dada," alisema, "kukanyaga kukoje siku hizi?"

Mama Pasi akafikiri. "Kawaida tu. Mawe, tope. Ikifika saa hizi nyayo zinawaka moto."

"Zangu zimekuwa laini kama za mtoto mchanga. Hebu shika."

Mama Pasi akashika. Akauondoa mkono haraka, vile anavyouondoa akigusa pasi iliyosahauliwa.

"Mama yangu akipiga simu ananiuliza kama nimefika," Shibiri aliendelea. "Nilimuahidi nikifika nitamwambia. Sasa sijui nimjibu nini."

"Mwambie umekaribia," alisema Mama Pasi.

Usingizi haukumjia upesi siku hiyo. Lakini asubuhi yalikuwapo mablanketi aliyoifulia nyumba ya wageni, mazito, yanadondosha maji, na kamba ya juu ndiyo inayopata jua la kwanza. Akampasia Shibiri moja moja. Mikononi mwake yalikuwa mepesi kama leso.

Kisha redio ikatangaza msamaha. Mgeni asiye na kibali, akiwa ameishi na watu vizuri, angeweza kupewa ruhusa ya kukanyaga, mradi mtaa umdhamini, na mwenye nyumba wake awe wa mwisho kusema. Afisa akapanga siku. Mabenchi yakawekwa mbele ya karakana. Shibiri alikuja amevaa shati lililonyooshwa na Mama Pasi mwenyewe, na alikuwa amevipiga viatu vyake rangi mpaka kwenye soli. Alisimama shibiri yake moja juu, mbele ya watu, akitabasamu kama bwana harusi.

Fundi Ngazi ndiye aliyenyanyuka kwanza. Siku hizo alikuwa ameshaacha useremala. Aliyemtaka Shibiri ilibidi apitie kwake, na yeye ndiye aliyepanga zamu na kupokea malipo, akiyaita ya usimamizi.

"Nilimkosea kijana huyu," alisema. "Nilidhani ametuletea hasara, kumbe ni mchapakazi. Lakini mkimshusha atakuwa fundi rangi kama mafundi rangi wengine. Atataka ngazi. Na ngazi zangu nimekwisha kuziuza kuni."

Muuza nyama akasema yeye hana kinyongo, ila marufuku ni marufuku, ukiilegeza leo kesho watakanyaga wote. Muuza mkaa akasema akishuka nyayo zitaonekana, na yeye ameshazoea kumlaumu bila nyayo. Watu wakamgeukia mwalimu mstaafu, rafiki wa wageni. Mwalimu alivua miwani, akaipangusa. Alisema moyo wake unauma kufikiria kiumbe huyu akivutwa chini kwenye tope letu, mapaa yetu yarudi kuvuja, na sisi tujiite wakarimu.

"Tumpende hukohuko aliko," alisema, akavaa miwani yake.

Ilikuwa mara ya kwanza mtaa kukubaliana juu ya wageni. Watu waliokuwa hawasalimiani walipeana mikono. Kinyozi alisema amefarijika sana, kwa sababu tofauti za maoni zilikuwa zinaelekea kuuvunja mtaa.

Afisa akamgeukia Mama Pasi. "Mama mwenye nyumba, umebaki wewe."

Mama Pasi alikuwa amejiandaa. Tangu asubuhi, kila alipoisukuma pasi, alikuwa akilirudia neno lenyewe kimoyomoyo, ashuke, ashuke, nalo lilikuwa neno fupi lisilo na shida. Akamtazama Shibiri na viatu vyake vinavyong'aa. Kisha akatazama juu. Wingu zito lilikuwa linasogea kutoka nyuma ya posta, na kwenye kamba ya juu yalikuwa mashuka yote ya nyumba ya wageni, na mikono yake, Mungu ni shahidi, haikuwa ya msichana tena.

"Mwenyewe kashazoea," alisema.

Afisa akamuuliza Shibiri kama ni kweli amezoea. Shibiri akamtazama Mama Pasi, mtu pekee katika nchi nzima ambaye yeye alimwamini.

"Kama dada amesema," alijibu.

Afisa akafunga faili. Mvua ilipoanza, mashuka yalikuwa yameshaanuliwa yote, hakuna hata moja lililopata tone. Usiku huo Mama Pasi aliweka kwenye sahani ya mpangaji kipande cha nyama kilichokuwa chake. Shibiri alikula na hakuuliza sababu.

Mtaa ulistawi. Kuta zilipakwa rangi mpaka juu, balbu zote ziliwaka, na wageni wengine walianza kuja kutafuta vyumba, baadhi yao wakiwa tayari wako juu kidogo. Jambo hilo likawatia watu wasiwasi. Kamati ya mtaa ikakutana, ikaamua liandikwe tangazo kubwa kwenye ukuta wa ghala lililo mwanzo wa mtaa, juu kabisa, mahali ambapo hakuna atakayelichafua. Mwalimu mstaafu alichagua rangi ya buluu, kwa kuwa nyekundu ingeonekana haina utu. Kazi akapewa Shibiri, kwani hapakuwa na mwingine anayefika pale.

Aliifanya kwa siku mbili, bila papara, herufi moja moja. Siku ya pili mchana Mama Pasi alimpelekea chakula. Alisimama barabarani na sahani iliyofunikwa, akakinga jua kwa mkono, akasoma: WAGENI WASIO NA KIBALI MARUFUKU KUKANYAGA MTAA HUU.

"Dada," Shibiri aliita kutoka juu, brashi mkononi, "herufi zimekaa sawa?"

Mama Pasi akarudi nyuma hatua chache ili aone vizuri. "Hiyo ya mwisho imelala upande."

Shibiri akaivuta ile herufi mguu mmoja, akaipangusa ukingo kwa kitambaa. "Na sasa?"

"Sasa imenyooka. Shuka ule, kinapoa."

Shibiri akaining'iniza ndoo kwenye msumari, akashuka polepole kando ya ukuta, akashuka mpaka kushuka kukamwishia, akapokea sahani kwa mikono miwili.