Simu ya Nesta Yagoma Kuunganisha

"Mama Osea, wewe na video zako za harusi ndio mmeiua simu yangu!"

Eva akashika kiuno. "Video inaua simu? Basi ningeshaua mtaa mzima!"

Wanawake waliokuwa bombani, mbele ya mlango wa Nesta, wakacheka. Nesta hakucheka. Tangu jana kwenye kuchati ni "inaunganisha, inaunganisha", na mumewe Clement yuko na lori Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, ambako laini yake ya Tanzania haishiki. Huwa anachati tu, akipata intaneti ya pale gereji. Na leo asubuhi ni huyu huyu Eva aliyepita nyumba kwa nyumba akisema lori la Tunduma limepinduka huko, dereva kafa.

"Ungefunga mdomo mpaka nimpate mume wangu."

Eva akanywea. "Lete niione."

"Nini sijafanya? Nimezima, nimewasha, nimeweka bando. Nimepanda mpaka nyuma ya kanisa nikwepe mnara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wapi!"

Eva akaipokea simu, akafungua hiki, akafunga kile. Nesta akachungulia begani kwake.

"Mwenzangu, hii simu ni asubuhi? Saa tisa alasiri hii, yenyewe inaandika 9:20 asubuhi."

"Si ndiyo saa tisa? Jana imeshika mnara wa Zambia, ikarudi saa moja nyuma, nikaikuta misa inaisha. Nikakasirika, nikaiwekea saa zetu kwa mkono."

"Saa zetu! Simu inahesabu kizungu, shoga yangu. Tisa yetu kwake ni kumi na tano. Ukiidanganya saa, huko inakounganisha wanaikataa." Eva akairudisha saa ijipange yenyewe.

Wanawake wakafunga bomba, wakasogea karibu.

Simu ikalia. Ikalia tena, na tena. Nesta akaishika kama kaa la moto, hataki kusoma, anasoma alichomwandikia Clement.

*Mama Happy mbona kimya? Barabara imefungwa, lori limelala mbele yetu. Dereva kavunjika mguu, ni mtu wa kule Igamba, lakini yu hai. Mimi nipo foleni. Nijibu basi.*

Nesta akakaa kizingitini mwa mlango wake, akajifuta machozi kwa kanga. Eva alikuwa ameanza kuondoka taratibu, kichwa chini.

"Unakwenda wapi?" Nesta akamwita. "Kuwaambia kafa mara ya pili? Pita ndani unawe mikono, ugali unapoa."