Siku Kocha Darlene Alipotolewa Uwanjani

Kwa miaka thelathini na minne Darlene Pruitt alifundisha softiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kituo hadi kituo, katika chuo chetu kidogo huko Iowa, Marekani, na hakuwahi kutolewa uwanjani. Jumamosi ile mwamuzi alikuwa Marcy, mchezaji wake wa zamani. Marcy alipoamua kwamba msichana wetu amechelewa kufika kituo cha mwisho na hivyo pointi haihesabiwi, Darlene alimvaa.

"We Marcy, macho umeyaacha nyumbani?"

"Kocha, neno moja tu tena, unatoka!"

"Neno!"

"Haya, nje!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Darlene alisimama nyuma ya uzio na soseji mkononi, akimtangazia kila mpita njia, "Mmemwona yule? Nimemfundisha mwenyewe kutoogopa mtu!"

Tuliposhinda, aliuparamia uzio akaenda kumkumbatia Marcy.