Kifichi wa Mtaa wa Narung'ombe

Fundi Sadalla alianza kupoteza vitu mwaka ule sukari ilipoadimika. Kwanza mkasi, ukaja kuonekana ndani ya chungu cha unga. Kisha akamshonea mteja suruali yenye mguu mmoja mfupi, yeye aliyeshona Kariakoo tangu ujana wake, watu wakimfuata hata kutoka Magomeni.

Siku ya suruali hiyo alikaa barazani ameinamia cherehani, hataki chakula. Mkewe, Bi Somoe, akamwonea huruma.

"Mume wangu, hujasikia habari za Kifichi?"

"Ndiye nani?"

"Kibwengo mdogo. Kwetu Lindi bibi alikuwa akisema haibi, anaficha tu, ndiyo maana akaitwa hivyo. Akimpenda fundi, humwandama."

Bibi hakuwahi kusema neno hilo. Somoe alilitunga palepale. Sadalla akacheka, akanawa, akala.

Tangu hapo kila kilichopotea kilikuwa cha Kifichi. Hata Mektilda, mpangaji wa chumba cha mbele, alipokuta viatu vyake vya kanisani ndani ya pipa la maji, alisema tu, "Huyo Kifichi wenu hana adabu," kisha akamshika Somoe mkono.

Asubuhi moja Somoe alirudi kutoka foleni ya duka la ushirika na nusu kilo ya sukari. Sadalla alikuwa mlangoni, akamkazia macho.

"Kumbe Kifichi ndiye wewe. Mkasi chukua. Vitambaa chukua. Mke wangu nirudishie."

"Sadalla, ni mimi."

"Somoe umemficha wapi?" Alikuwa akilia.

Somoe akaweka sukari chini. Akatoka hadi barabarani, akajifuta macho kwa pindo la khanga, akarudi akibisha.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Somoe! Mbona umechelewa? Roho haikutulia."

Hila hiyo ilifaa siku chache tu. Baadaye, hata akipiga hodi, Sadalla alimpokea kama mgeni, kwa adabu zote, akamsogezea mkeka na kumsimulia habari za mke aliyemwoa Lindi.

"Alikuwa mzuri?" Somoe aliuliza, akimnywesha uji.

"Mzuri sana. Angekuwapo, usingesumbuka hivi, mama."

Somoe akampangusa kidevu, akachota kijiko kingine.